Daftari, Ndoo na Mizani

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa kuchomoa chaja. Kila usiku kabla ya kulala nilizunguka nyumba nzima nikichomoa chaja za simu kwenye soketi na kuzima vitaa vyekundu vya runinga na redio, kisha nikajilaza nikiamini kwamba nimetimiza wajibu wangu kwa mazingira. Asubuhi yake niliingia bafuni, nikafungua maji ya moto na kusimama chini yake dakika nane au zaidi, huku nikiwaza mambo ya kazini. Haikunijia hata siku moja kwamba matendo haya mawili yangeweza kuwekwa kwenye mizani moja.

Siku nilipoyaweka, niliona haya. Chaja ya kisasa iliyoachwa ukutani bila simu hutumia takribani robo ya wati, au pungufu ya hapo. Ikikaa hivyo mwaka mzima, hula kama uniti 2 za umeme, yaani kilowati-saa 2. Bafu langu, nililolipima kwa ndoo na saa, lilikuwa likitoa lita 10 kwa dakika. Dakika 8 ni lita 80, na kuzipandisha lita hizo joto kwa nyuzi 20 za Selsiasi kunahitaji karibu uniti 1.9, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotelea kwenye mabomba. Kuoga kwangu mara moja, basi, kulikula karibu sawa na chaja moja iliyosahauliwa kwa miezi kumi na miwili.

Haba na haba hujaza kibaba, wala siupingi usemi huo. Lakini haba hazilingani, na mtu anayeokota punje huku gunia linavuja nyuma yake hatajaza kibaba chochote. Ndiyo maana nilichukua daftari, ndoo ya lita 10 na mizani ya jikoni, nikaamua kwamba kwa mwezi mmoja sitabadilisha chochote nyumbani. Nitapima tu na kuandika. Mwenzangu alicheka sana aliponiona napima takataka, ila baada ya wiki moja yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba joto ndilo linalokula nishati nyingi zaidi nyumbani, iwe ni joto la kupikia, la maji au la pasi, na hata jokofu si kitu kingine ila mashine ya kuhamisha joto. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji takribani kilojuli 335. Birika langu la umeme lilikuwa likijazwa lita moja na nusu kila mara kwa ajili ya vikombe viwili vya chai, na maji yaliyobaki yalipoa, yakamwagwa, kisha yakachemshwa mengine. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kupima maji kwa kikombe kile kile kitakachotumika.

Sufuria ilinifunza zaidi. Wengi wetu huamini kwamba chakula kinachotokota kwa fujo huiva haraka kuliko kinachochemka taratibu, kumbe maji yakishafika kiwango chake cha kuchemka hayazidi kuwa moto hata ukiongeza moto maradufu. Nguvu yote ya ziada huishia kugeuza maji kuwa mvuke. Tena mvuke ni ghali mno, kwa kuwa kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji karibu kilojuli 2,260, takribani mara saba ya nishati iliyotumika kuyafikisha hapo. Kwa hiyo kufunika sufuria na kupunguza moto mara inapoanza kuchemka ni hatua isiyogharimu kitu, na matokeo yake huonekana wiki hiyo hiyo. Maharage makavu yakilowekwa usiku kucha hupunguza muda wa kupika, na sufuria ya presha hupunguza zaidi, kwa sababu mgandamizo wa ndani huliwezesha joto la maji kupanda hadi karibu nyuzi 120.

Kuna pia kapu la kuhifadhi joto, ambalo nalipenda kuliko kifaa chochote cha kisasa nilicho nacho. Ni kapu lililojazwa vitambaa, pamba au nyasi kavu. Chakula hupikwa motoni hadi kichemke vizuri, kisha sufuria ikiwa imefunikwa hufukiwa humo na kuendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Mara ya kwanza nilifanya kosa la kutumia sufuria ndogo iliyojaa nusu, ikapoa upesi na chakula kikabaki kigumu. Kapu linahitaji sufuria iliyojaa, kwa kuwa wingi wa chakula ndio unaolinda joto, na chakula kikishashuka chini ya nyuzi 60 kisiachwe humo, kwani hapo vijidudu huanza kupata nafasi ya kuzaliana.

Kwenye maji nitapita haraka, kwa sababu kazi kubwa ni kutafuta yanapovuja. Koki ya jikoni iliyokuwa ikidondosha tone moja moja niliiwekea ndoo, na baada ya saa 24 nikakuta lita 7. Kijiraba kipya ndani ya koki kilimaliza tatizo. Choo kilikuwa kigumu zaidi kukigundua kwa kuwa hakikutoa sauti. Njia niliyotumia ni kutia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi lake na kukaa kama robo saa bila kuvuta maji, na rangi ilipoonekana chini kwenye bakuli nikajua kwamba vali ya tangi haifungi. Inafaa pia kujua tangi lako linamwaga kiasi gani kila linapovutwa: matangi mengi ya zamani humwaga lita 13 au zaidi, ilhali nchini Marekani, kwa mfano, sheria imeweka kikomo cha takribani lita 6 kwa vyoo vipya vya nyumbani tangu mwaka 1994.

Mizani ya takataka ndiyo iliyonifedhehesha kuliko vipimo vingine vyote. Wiki ya kwanza tulitupa kilo 3.4 za chakula kilichokuwa kinalika, mbali na maganda na mifupa. Wala hatuko peke yetu: ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa takribani tani bilioni 1.05 za chakula katika maduka, migahawa na majumbani, na kwamba asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, sawa na kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Kabla ya kusoma takwimu hizo nilidhani wenye makosa ni wenye mahoteli.

Nilipopitia daftari niligundua kwamba hatukutupa chakula kwa sababu ya ulafi wala kiburi. Tulikitupa kwa kusahau. Kiporo kilisukumwa nyuma ya jokofu na mboga mpya zikakaa mbele yake. Mtu alinunua kitu ambacho tayari kilikuwapo, kwa kuwa hakukiona. Tulipika sufuria kubwa tukitarajia kwamba wote watakula nyumbani, kumbe wawili walikuwa wameshiba walikotoka. Tatizo la kusahau halitibiwi kwa kuhubiriana. Tulitenga rafu moja ya jokofu, ile iliyo usawa wa macho, tukaamua kwamba kila kinachohitaji kuliwa kwanza kitakaa hapo na si pengine, na kila bakuli la kiporo likabandikwa kipande cha karatasi chenye siku kilipopikwa. Kiporo tunakiingiza kwenye jokofu ndani ya saa mbili baada ya kupikwa na kukimaliza ndani ya siku tatu au nne. Katika wiki ya nne tulitupa gramu 900.

Tarehe za kwenye pakiti nazo zilikuwa zikitudanganya, au niseme tulikuwa tukizisoma vibaya. Kuna tarehe ya mwisho ya kutumia, inayohusu usalama na ambayo haifai kupuuzwa, hasa kwa nyama na vyakula vinavyoharibika upesi. Na kuna tarehe inayosema kwamba bidhaa iko katika ubora wake kamili hadi siku fulani, ambayo ikipita chakula kikavu kilichohifadhiwa vyema huweza kupungua ladha tu bila kuwa na madhara. Sisi tulikuwa tukizichanganya hizo mbili na kutupa vyote.

Maganda na mabaki yasiyolika yanaenda kwenye mboji. Chakula kikifukiwa dampo chini ya rundo la taka huoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto la dunia takribani mara 28 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi. Kikioza penye hewa, methani hupungua sana. Tatizo ni kwamba nilisoma sehemu hiyo ya hewa na kuisahau. Nilijaza pipa maganda mabichi matupu, nikalifunika vizuri, na baada ya siku kumi jirani akaja kuuliza kwa upole kama kuna mnyama aliyekufa uani. Mboji inataka vitu vikavu, kama vile majani makavu, vumbi la mbao au maboksi yaliyokatwakatwa, karibu mafungu mawili kwa kila fungu moja la maganda mabichi, na inataka kugeuzwa mara kwa mara. Tangu niliporekebisha hayo, harufu yake ni ya udongo uliolowa mvua, na jirani sasa huchota kwa ajili ya maua yake.

Kuhusu mifuko ya nguo nina neno moja lisilopendeza. Ripoti nyingine ya shirika lile lile, ya mwaka 2020, ilieleza kwamba mfuko wa pamba unapaswa kutumika kati ya mara 50 na 150 ndipo athari yake kwa tabianchi ishuke chini ya ile ya mfuko wa plastiki unaotumika mara moja. Plastiki ina ubaya wake mwingine inapozagaa mitaroni na baharini, hilo halina ubishi. Ila nilipofungua kabati nilikuta mifuko 14 ya pamba, mingi ya bure kutoka semina mbalimbali, na nikaelewa kwamba nimekuwa nikikusanya mifuko badala ya kuitumia. Mitatu imebaki mlangoni. Mingine nimeigawa.

Taa zilikuwa jambo rahisi kuliko yote: balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Ila mita iliponisuta niligundua kwamba, baada ya kubadilisha balbu, tulianza kuacha taa za nje zikiwaka hadi asubuhi kwa kisingizio kwamba hazili kitu. Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliona jambo la namna hii mwaka 1865, alipoandika kwamba injini zinazotumia makaa machache zaidi huishia kuongeza matumizi ya makaa kwa jumla, kwa sababu kilicho rahisi hutumiwa zaidi. Taa zetu za nje sasa zina saa ya kuzizima.

Limebaki jokofu, ambalo lina miaka 15 na ambalo kila mtu alinishauri nilibadilishe. Kutengeneza jokofu jipya nako kunatumia chuma, plastiki na nishati, hivyo nikataka kulipima kwanza. Usiku mmoja tulizima kila kitu isipokuwa jokofu hilo, nikasoma mita saa nne usiku na tena saa kumi na mbili asubuhi: uniti 0.9 kwa saa nane. Nilipofungia kipande cha karatasi kwenye mlango na kukivuta, kilitoka bila kushikwa popote upande wa chini. Nilibadilisha mpira wa mlango, nikalisogeza mbali kidogo na ukuta ili joto la nyuma lipate pa kutokea, nikapima tena usiku mwingine na kupata uniti 0.6. Tumekubaliana nyumbani kwamba litabaki, na kwamba nitapima tena baada ya miezi sita.