Jinsi Nilivyoacha Kuilisha Mba kwa Mafuta

Kwa miezi kadhaa nilijipaka mafuta ya zeituni kichwani kila usiku nikiamini kwamba mba hutokana na ukavu, ilhali magamba ya manjano yalizidi na nywele za utosini zikawa zinakatika. Msusi wangu wa Kenyatta Market alikataa kunisuka, akaniambia nimwone kwanza daktari wa ngozi. Nilinuna, nakiri.

Daktari alinieleza kwamba tezi ya mafuta imeshikamana na kinyweleo, yaani kishimo ambamo unywele huota, na humwaga mafuta yake humo humo. Mafuta hayo huulainisha na kuukinga unywele, lakini hayauoteshi. Kuvu za jamii ya Malassezia, ambazo huishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu, hula mafuta hayo, na asidi zinazobaki huweza kuiwasha ngozi. Kumbe nilikuwa nikiziandalia karamu!

Nilitumia shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua kuvu, ya asilimia 2 mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, nikiiacha kichwani dakika 5 kabla ya kuisuuza, na mafuta nikayapaka kwenye nywele zenyewe tu. Mwasho ulikoma katika wiki ya pili. Nywele, ambazo hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, zilinidai subira zaidi.