Canon au Nikon? Nilivyonunua kamera ya arusi kwa shilingi 45,000

Kwa miaka mitatu nilipiga picha za arusi hapa Lamu kwa kamera isiyo yangu. Upande wa wanawake, hasa siku ya kupamba, mpiga picha mwanamume haingii, kwa hiyo kazi ilinifuata hadi mlangoni. Tatizo lilikuwa kwamba kamera yenyewe, Nikon D3200, ilikuwa ya binamu yangu, na kila alipopata wageni wa kuwapeleka Shela au Matondoni mimi nilibaki mikono mitupu. Nilipopokea zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana fedha kwa zamu, nikaongeza akiba ya malipo ya arusi, nilikuwa na shilingi 45,000. Ndani ya fedha hizo zilipaswa kuingia kamera, lenzi, betri ya pili na kadi, na nilijua tangu mwanzo kwamba nitanunua iliyokwisha kutumika. Bei zilikuwa zimeshuka, kwa kuwa tangu mwaka 2018, Canon na Nikon zilipotoa kamera zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi picha, za EOS R na Nikon Z, wapiga picha wengi wenye uwezo walianza kuziuza zile za zamani.

Binamu alinishauri Nikon, na rafiki yangu mwalimu, ambaye ana Canon, alinishauri Canon, na kila mmoja alikuwa akiisifu ile aliyonayo. Hoja yao kubwa ilikuwa idadi ya pikseli, zile nukta zinazounda picha: Nikon D3300 ina milioni 24, Canon 700D ina milioni 18. Hoja hiyo niliiweka kando mapema. Wateja wangu hutazama picha kwenye simu, na wachache husafisha za albamu. Milioni 18 zinawatosha na kusaza.

Jambo lililonisumbua ni giza. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kuezekwa kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazifiki mbali, vyumba huwa vyembamba na virefu, na mwanga wa kiwandani, yaani ua wa ndani wa nyumba, haufiki ndani kabisa ambako biarusi huketishwa. Flashi inasaidia, lakini kuta nyeupe za chokaa huurudisha mwanga wote usoni mwa watu, na wazee hawaupendi. Kwenye arusi moja bibi mmoja aliniambia, “Mwanangu, umeme wako huo watutoboa macho,” nikauzima kwa aibu. Baada ya hapo picha zangu zote zilitoka na chengachenga.

Lenzi inayokuja na kamera za bei nafuu, ile ya milimita 18 hadi 55, ikivutwa hadi mwisho hufunguka kwa f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga huwa kubwa). Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake ni kwamba picha niliyolazimika kuipiga kwa ISO 6400 ningeweza kuipiga kwa ISO 800 au chini yake (ISO ni kiasi ambacho kamera huukuza mwanga; ikipanda, chengachenga huongezeka). Nilipolielewa hilo, swali langu halikuwa tena kamera ipi ni bora, bali ni kampuni ipi itakayoniwezesha kupata kamera na lenzi ya 50 pamoja bila kuvuka 45,000.

Hapo ndipo kampuni hizi mbili zinapotofautiana kweli. Canon ilipobadilisha mfumo wake mwaka 1987 ilitia mota ndani ya kila lenzi ya fokasi ya yenyewe, na lenzi hizo za EF zinafanya kazi kwenye kamera zote za EOS za DSLR, yaani zile zenye kioo cha ndani. Nikon ilibaki na mdomo wake wa lenzi wa tangu 1959, yaani mahali lenzi inapofungiwa, na lenzi zake nyingi za zamani za fokasi ya yenyewe huzungushwa na mota iliyo ndani ya kamera. Kamera za bei ya chini kama D3300 hazina mota hiyo. Ukifunga lenzi ya zamani ya 50, utapata picha, lakini fokasi utaitafuta kwa vidole. Ili fokasi ijitafute, unahitaji lenzi ya AF-S, yenye mota ndani yake, ambayo ni ghali zaidi, au kamera ya daraja la juu kama D7000, ambayo mota yake imo ndani.

Nalo hili la D7000 lilinitia majaribuni, kwa sababu ami yangu alikuwa na lenzi ya zamani ya Nikon, 50 ya f/1.8D, iliyolala kabatini tangu enzi za filamu, akasema nichukue bure.

Nilivuka Mokowe, nikapanda basi hadi Mombasa, na mkobani nilitia kadi yangu mwenyewe. Ushauri huo nampa yeyote: usitazame picha kwenye kioo cha kamera dukani, nenda nazo nyumbani. Duka nililoingia lilikuwa na zote tatu: D3300, D7000 na 700D. Nilimwomba msichana wa dukani, aliyevaa buibui jeusi, aketi pembeni mbali na mlango, nikampiga kwa kila kamera kwa ISO 1600, 3200 na 6400. Usiku, kwa shangazi yangu Kibokoni, nilizifungua kwenye kompyuta na kuung'arisha weusi wa buibui ili nione kilichojificha. Picha za Nikon zilibaki safi; za Canon zilitoa mistari myembamba kwenye kivuli. Kwa hilo Nikon inashinda, wala sitalificha kwa sababu sikuinunua.

Jambo la pili lililoonekana kwenye picha hizo lilikuwa la manufaa zaidi. Nikon huandika ndani ya faili la picha idadi ya mara ambazo shata, pazia linalofunguka kila picha inapopigwa, imefyatuliwa. Ile D7000, ambayo muuzaji aliniapia kuwa ilikuwa ya mzee aliyeitumia Idi hadi Idi, ilikuwa imefyatuliwa zaidi ya mara 131,000, na Nikon yenyewe iliijaribu shata ya aina hiyo kwa mara 150,000. Mzee huyo alikuwa na Idi nyingi. Canon 700D haiweki hesabu hiyo ndani ya picha, kwa hiyo niliikagua kwa macho: mpira wa kushikia haujalegea, reli ya flashi haijachubuka, skrubu hazijaguswa.

Ya lenzi nusura inipite. Muuzaji alinipa 50 ya Canon iliyong'aa nje kama mpya. Nilipowasha tochi ya simu na kuipitisha upande wa nyuma huku nikichungulia kwa mbele, niliona nyuzi nyembamba zimetanda ukingoni mwa kioo kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu, ugonjwa wa lenzi zinazofungiwa mkobani katika hewa yetu ya unyevu. Niliirudisha, akaniletea nyingine.

D3300 pamoja na lenzi ya AF-S ilifika 47,000, na muuzaji hakushuka. Nilichukua 700D na lenzi yake kwa 31,000, lenzi ya Canon ya 50, aina ya STM, kwa 9,000, betri kwa 1,500 na kadi kwa 1,200. Kioo cha nyuma cha 700D, kile cha kutazamia picha, kinafunguka na kugeuka, na wanawake wanapomzonga biarusi mimi huinua kamera juu ya vichwa na kutazama kutoka chini. Fokasi kwa njia hiyo ni ya polepole, sharti niisubiri. Muuzaji alijaribu kunipa nyingine yenye Wi-Fi kwa nyongeza ndogo. Kwangu hiyo ingekuwa kasoro, maana mama wa biarusi akisikia kamera inaweza kurusha picha hewani, sitaitwa tena.

Ami alinuna kidogo. “Kwa hiyo lenzi yangu haifai?” aliuliza. Inafaa, na nilimwonyesha. Kwenye Canon, lenzi hukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, sehemu inayopokea mwanga ndani ya kamera. Kwenye Nikon ni 46.5. Pete nyembamba ya kuziba tofauti hiyo, niliyoagiza kwa shilingi 1,000, inaifunga lenzi yake kwenye kamera yangu, na fokasi naizungusha kwa mkono. Siitumii arusini, lakini kwa nakshi za milango ya mtaa wetu wa kale wa Mkomani, ambayo haina haraka ya kwenda popote, ni nzuri mno.

Vifaa vyote sasa hulala ndani ya mkebe wa plastiki unaofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vya maboksi ya viatu. Kitu kimoja tu bado kinanishinda. Pete ya zumu ya Canon huvuta kinyume na ya Nikon, na lenzi zake hufungwa kwa kuzungusha upande wa pili. Miaka mitatu ya kuazima imeufundisha mkono wangu njia ya Nikon, na hata wiki iliyopita, biarusi aliponyanyua uso, niliivuta lenzi kwa nyuma badala ya mbele na kupata picha nzuri sana ya feni.