Nilivyopata programu ya kupimia wanafunzi bila kulipa dola

Ukifundisha watu wa jioni hapa Dar utashauriwa mpaka uchoke. Mimi nafundisha uhasibu Tabata. Wengi wa wanafunzi wangu wanajiandaa na mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu, na wanafika darasani wametoka kazini wakiwa hoi. Nilichotaka ni kidogo tu: wapate maswali ya kuchagua kwenye simu, mashine isahihishe, mimi nikalale.

Mjuaji wa kwanza, fundi kompyuta, akaniambia, "Ticha, chukua hii yenye kamera, hakuna atakayeibia." Bei ya dola, kila mwezi, kwa kila kichwa. Na kamera iwake saa nzima kwa bando la nani? Nikamwambia asante, kaka.

Wa pili akaniletea mchezo wa mashindano. Swali linatokea kwenye projekta, simu inabaki na rangi nne za kubonyeza, na anayewahi ndiye anayezoa pointi. Darasa lilichangamka, sikatai. Lakini upatanisho wa benki, kulinganisha daftari lako na taarifa ya benki, unataka kalamu na karatasi! Kijana mmoja wa nyuma mwenye simu mpya alikuwa anabonyeza nyekundu kabla sijamaliza kusoma swali, na ndiye aliyeongoza. Mama mmoja mtunza stoo, anayeijua mizania kuliko wote mle ndani, simu yake ilikuwa bado inazungusha kile kiduara. Akaisukuma chini ya daftari, akatoa kalkuleta yake, akakokotoa taratibu na kupata jibu sahihi la swali lililokwishapita zamani. Hapo nikazima projekta.

Google Forms kwa jaribio la haraka inatosha kabisa, tena bure: unaweka jibu na alama, inasahihisha, matokeo yanaingia kwenye jedwali. Ila yenyewe haina saa ya kuhesabu muda, na mimi nilitaka benki ya maswali, kila mtu apewe mchanganyiko wake ili jirani akichungulia asiambulie kitu.

Nikaishia kwenye Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, kazi ya Martin Dougiamas wa Australia, ipo tangu 2002, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaitumia. Programu haiuzwi. Nalipia seva ya kukodi tu, laki na ushee kwa mwaka. Nikaiweka, ikakaa.

Uhondo ulikuwa kwenye kuingiza maswali. Walimu wenzangu hawataki kabisa kujaza zile fomu zake, bonyeza hapa, bonyeza pale. Nikagundua inapokea maandishi ya kawaida kwa mtindo unaoitwa Aiken: swali mstari mmoja, chini yake majibu yanayoanza na A. B. C. D., kisha mstari wa mwisho ANSWER: C. Neno hilo liwe kwa herufi kubwa, na usilifanye JIBU, itagoma. Word nayo iache, inapenda kukupangia namba zake. Tumia Notepad, na wakati wa kuhifadhi chagua UTF-8 pale penye Encoding. Basi wenzangu wananiandikia WhatsApp hukohuko waliko, nanakili, napakia. Mara ya kwanza maswali zaidi ya mia yaliingia chai yangu haijapoa, nikajiona injinia.

Na anayekuuzia programu yoyote muulize mapema: siku nikihama, maswali yangu yatatokaje? Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Yule mama sasa anapakua zoezi kwa Wi-Fi ya darasani kwenye programu ya simu ya Moodle, analifanya ndani ya daladala la Gongo la Mboto bila bando, na likikutana na mtandao linajituma. Lazima uruhusu hilo kwenye mipangilio, na ukiruhusu huwezi kuweka kikomo cha muda. Kwa mazoezi sawa; jaribio la mwisho wa mwezi watu wanakaa darasani.

Halafu kuna ripoti ya takwimu, ambayo wengi hawaifungui. Kwa kila swali inakuonyesha, kwa namba, kama waliofanya vizuri kwa jumla ndio waliolipata. Namba hiyo ikiwa hasi, maana yake wanaoanguka ni wale wazuri, na hapo kagua jibu uliloweka. Swali letu moja la uchakavu, yaani mali inavyopungua thamani, lilikuja na hasi ya kutisha. Nikalikokotoa mwenyewe: vinara wangu walikuwa sahihi, jibu tulilowekewa ndilo bovu. Mwalimu mwenzangu aliyelileta nimemwonyesha hesabu mara mbili, na bado anabisha kwamba takwimu za kompyuta haziaminiki.