Kuuza gari la kulala huku tiketi ya ndege iko kwenye droo

Mwezi wa Nne, mji wa Christchurch, Nyuzilandi, unajaa magari yenye karatasi ya "linauzwa" dirishani. Pita mtaa wowote wenye hosteli utayaona: Hiace, Estima, Mazda Bongo, kila moja na namba ya simu, na kila mwenyewe ana tarehe ya kuruka. Majira ya joto ya Nyuzilandi ni Desemba hadi Februari. Sisi wapita njia, tunaozunguka nchi tukilala garini, tunanunua kwa pamoja Oktoba na Novemba, tunauza kwa pamoja Machi na Aprili. Kwa hiyo unanunua bei ikiwa juu na kuuza ikiwa chini, na ile tofauti ndiyo kodi ya nyumba uliyokuwa ukijisifu kwamba hulipi.

La kwetu lilikuwa Toyota Hiace ya dizeli, ya 1998. Ndiyo, hiyohiyo unayoijua kwa kugombania siti, ila aliyetutangulia aling'oa viti akaweka kitanda, sinki na kabati za mbao. Lilitoka Japani kabla ya kufika Nyuzilandi, na kila ukiwasha, kuna kisanduku chini ya dashibodi ambamo mwanamke anasema jambo kwa Kijapani, kwa adabu sana. Mume wangu alikuwa akimjibu, "Asante mama, twende." Kila asubuhi, miezi yote ile. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye unatakiwa kumwambia kwamba gari lake halifiki bei anayoitaka.

Wengi watakuambia ukauzie Auckland, Kisiwa cha Kaskazini, maana ndiko ndege nyingi za kimataifa zinakotua. Lakini sisi tulikuwa Kisiwa cha Kusini. Kulipeleka kule ni kulipia feri kutoka Picton hadi Wellington, kama saa tatu na nusu majini, kisha zaidi ya kilomita 600 za barabara, halafu ufike ujiunge na msururu wa magari yanayofanana na lako. Nikapiga hesabu, nikakataa. Msimu wa kuteleza kwenye theluji upande wa Queenstown na Wānaka unaanza karibu na Juni, na kabla yake kuna vijana wanaotafuta gari lenye kitanda wapande nalo kufanya kazi huko. Hao ndio niliowalenga.

Kwenye tangazo tuligombana kidogo. Mume wangu alitaka ile picha ya Ziwa Pukaki: mlango wa nyuma umefunguliwa, maji yale ya bluu iliyochanganyika na maziwa kwa sababu ya unga wa miamba inayosagwa na barafu, na mlima Aoraki kwa nyuma, mita 3,724 za kujivunia. Picha nzuri, sikatai. Kila tangazo linayo. Mimi nikalala chali kwenye maegesho nikapiga chesisi, ekzosi, na lile doa la kutu chini ya mlango wa abiria, kwa karibu, nikiweka sarafu pembeni ili ukubwa wake uonekane. Akaniambia nafukuza wateja. Maoni yangu hayajabadilika: kutu mteja akiigundua mwenyewe, anakukata dola elfu moja, ukimwonyesha wewe, anakata mia mbili.

Karatasi nazo zina mambo yake. Wakati tunauza, gari la kabla ya 2000 lilikuwa linakaguliwa kila miezi sita, na unapoliuza cheti cha ukaguzi kinatakiwa kiwe hakijapita mwezi mmoja tangu kitolewe, isipokuwa mnunuzi akubali kwa maandishi kulichukua lilivyo. Wanaokimbizana na ndege huomba hayo maandishi, na mnunuzi hapo hapo anajua ameshika shingo ya mtu. Sisi tulilipeleka. Likadai bushi moja ya mbele na taa ya namba, fundi akamaliza siku hiyohiyo. Halafu kuna mambo ya dizeli: kule pesa ya barabara hailipwi kwenye pampu kama kwa petroli, unanunua kilomita mapema kwa mafungu ya 1,000, na kibandiko kinakaa kwenye kioo cha mbele. Ukipitisha kilomita ulizolipia, deni linamfuata mmiliki mpya wa gari. Kwa hiyo mnunuzi anayejua kazi yake anaanzia kwenye kibandiko kabla ya injini.

Na choo. Kila mtu aliuliza choo. Sheria ya 2023 ya kulala nje ya kambi za kulipia inataka choo kilichokazwa moja kwa moja kwenye gari. Kile cha kubebeka, ambacho wengi wetu tulikuwa nacho chini ya kitanda, hakihesabiki tena kwenye cheti kipya cha kuruhusiwa kulala hivyo. Stika ya cheti cha zamani ni ya bluu, ya kipya ni ya kijani. Letu lilikuwa la bluu, na niliandika hivyo kwenye mstari wa kwanza wa tangazo ili nisijibu swali hilo usiku kucha.

Nilijibu hata hivyo.

Jamaa wa kwanza alituma ujumbe saa nne usiku: "Mnaruka lini?" Hakuuliza injini, hakuuliza kutu. Nikamjibu kwamba hatuna haraka, ingawa tiketi ilikuwa kwenye droo hatua mbili kutoka nilipokaa. Tulikuwa tunaomba dola 8,500 za kule. Yeye akasema 4,000, taslimu, kesho asubuhi. Nikamshukuru. Ukimtajia mtu tarehe yako ya kuondoka, umeshamwachia yeye apange bei, akikawia hadi siku ya mwisho atalipata kwa chochote.

Walionunua ni binti wa Kijerumani na mwenzake. Binti alichuchumaa na tochi ya simu, akalinganisha kibandiko na mita ya kilomita tarakimu kwa tarakimu. Akaingiza mkono chini ya kapeti karibu na sinki, akautoa, akanusa vidole. Alikuwa anatafuta unyevu. Nilimpenda palepale. Alipozungusha ufunguo, mama wa Kijapani akazungumza, binti akaruka kwenye kiti. "Anakusalimia," mume wangu akasema, na nikaona uso wa binti umeanza kukubali.

Wakamleta fundi wao, akauliza mkanda wa taiming wa injini ulibadilishwa lini. Risiti tulikuwa nayo, imekunjwa ndani ya kitabu cha gari, na nadhani risiti ile moja ilitupa pesa kuliko picha zote za Pukaki. Wakasema 7,000. Mimi nikawa kama natafuta kitu kwenye mkoba, nikakitafuta kwa muda. Tukamalizana 7,600.

Ufunguo haukutoka mkononi mpaka pesa ilipoonekana kwenye akaunti yangu. Picha ya skrini ya kuonyesha umetuma si pesa. Halafu palepale kwenye maegesho tukaingia mtandaoni kubadilisha mwenye gari, wao upande wao, sisi upande wetu. Usiache hilo la mwisho ukaenda zako ukitegemea mnunuzi, maana jina likibaki lako, faini zake za mwendo kasi ni zako, na wewe uko bara jingine.

Tuliwaachia mito, sufuria, viti vya kukunja, na mitungi midogo ya gesi ambayo hairuhusiwi kwenye ndege. Mume wangu alitaka kubaki na birika. Kilo 23 za begi zikaamua.

Siku zilizobaki tulilala hosteli, tukitembea kwa miguu, na kila tukiona Hiace tunageuka. Uwanja wa ndege wa Auckland, tukisubiri ndege ya Doha kuelekea nyumbani, ujumbe ukaingia: pampu ya sinki imegoma. Mume wangu hakuandika, alipiga. Fungua kabati la chini, akawa anasema, kuna waya mwekundu, usukume uingie, siyo huo, ule wa nyuma. Abiria wakaitwa, yeye bado anauliza kama maji yametoka. Yalitoka. Nikamwambia sasa akate simu, watu wameshapanga foleni.