Jioni mzee alipofika nyumbani jua bado lipo

Waliokaa Kimara, Dar es Salaam, kabla ya 2016 hawahitaji kuelezwa foleni ya Morogoro Road ilikuaje. Mzee wangu alikua karani wa stoo huko mjini maeneo ya Posta, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri giza totoro, jioni anafunga kazi saa kumi na moja lakini kumuona mlangoni ni saa moja na nusu usiku, na mvua ikinyesha ndo usiseme. Ukitaka siti ilibidi ugeuze na gari, yaani unalipanda kabla halijafika mwisho wa ruti, unalipa nauli mara mbili ili likigeuka uwe umeshakaa, na mzee hela hiyo hakua nayo, kwa hiyo alisimama njia nzima shingo kaipinda chini ya bati la daladala, pale mataa ya Ubungo dereva anazima injini kabisa watu wanamsubiri trafiki aamue.

Sisi tulikua tunamjua mzee wa jumapili tu. Siku za kazi anafika, ananawa, anakula ugali huku macho yanafumba, analala. Na mimi nilikua form four, hesabu zinanisumbua kweli, mtu wa kuniangalizia ndo huyohuyo na nilikua naona hata huruma kumuuliza.

Mwezi wa tano 2016 mwendokasi ikaanza, Kimara mpaka Kivukoni, mabasi yana njia yao katikati ya barabara, nauli 650. Siku ya kwanza mzee kupanda kurudi alifika nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Mama alikua uani anachambua mchicha, akasimama na ungo mkononi, "Baba watoto, kuna usalama kweli? Kazini wamekwambiaje?" Alijua kafukuzwa. Mzee akacheka, akasema nimetoka muda uleule wa siku zote, ni gari tu mama, Manzese nimepita hata sijaiona vizuri.

Basi tukadhani atapumzika, na angekua na haki yake kabisa. Yeye akaniita, "Baba, lete daftari lako la hesabu na rula." Akafungua kurasa ya mwisho akachora mstari katikati kama wanavyochora leja huko kazini kwake. Akaandika, kwenda masaa mawili, kurudi mengine mawili na kitu, tuseme manne. Mara siku sita za kazi. Akaniambia nizidishe mwenyewe. Ishirini na nne. Akaiangalia ile 24 muda mrefu, alafu akasema, "Siku nzima. Usiku na mchana wake. Kila wiki nilikua naiacha barabarani." Miaka yote ile hakuwahi kulalamika, nadhani hata yeye hakuwahi kukaa akaipigia hesabu, maana ukiwa umesimama ndani ya daladala unawaza kufika tu.

Upande wa pili akaandika kilichorudi. Sasa hivi kwenda na kurudi ukichanganya na kusubiri kituoni haikua inazidi masaa mawili, kwa hiyo kwa siku anabaki na mawili mkononi. Na hapa ndo ninapomheshimu mzee mpaka leo, hakusubiri kesho. Alisema muda huu tusipoupangia kazi leo hii, wiki ijayo utakua umeshaliwa na hatutajua nani kaula, nitaanza kukaa kijiweni au nitalala mapema, basi. Akaandika kwa kalamu nyekundu, saa moja mpaka saa mbili usiku, hesabu. Saa lingine akaandika mama, hakueleza zaidi na sisi hatukuuliza.

Tukaanza usikuuleule na topiki ya akaunti, ambayo darasani ilinishinda kabisa, sielewi kwa nini kitu kimoja kinaandikwa mara mbili. Mzee akatoa mfano wa simenti stooni kwake, mifuko ikitoka lazima kuna mahali imeingia, ama mteja kachukua ama hela imekuja, pande zote mbili ziandikwe. Akanipa namba za kubuni nitengeneze trial balance, yaani orodha yenye upande wa debiti na upande wa krediti, jumla zake lazima zilingane, mara ya kwanza pande zikapishana, akanionyesha kwa ncha ya kalamu bila kusema kitu nilipoweka debiti kwenye krediti. Nikarekebisha, zikalingana. Umeme ukakatika katikati, tukawasha taa ya chemli tukaendelea.

Ilienda hivo mpaka Novemba nilipoingia kwenye mtihani wa taifa. Matokeo yalitoka mwisho wa Januari 2017, hesabu nikapata C, na nyumbani kwetu hiyo C ilishangiliwa sana. Mdogo wangu ndo alikua anaanza form two, wiki hiyohiyo mzee akamwambia alete na yeye madaftari, saa moja usiku asichelewe.