Nilivyozuia mvua isibebe shamba langu Langobaya

Nyinyi wa Malindi mjini mvua ikinyesha mwaona bahari imegeuka matope, mwasema tu mto Sabaki umejaa. Yale matope mengine yatoka huko juu Ukambani lakini mengine ni mashamba yetu sisi jamani.

Shamba langu mteremko wake si mkali, ila udongo ni mchanga mchanga, mvua ya mwaka, yaani masika, ikipiga siku mbili wakuta mizizi ya mahindi iko nje na samadi ya mbuzi imeshuka yote bondeni. Nikaweka vijana wakachimba mtaro wa kukinga maji, tukapima kwa macho tu. Hapo ndipo nilipokosea. Kwa macho pako sawa kumbe katikati pamelala kidogo, maji yote yakakimbilia pale, yakapasua tuta, yakaacha korongo la kufika kiunoni. Roho iliniuma sana.

Jirani yangu mzee wa Kikamba, kwao Machakos ambako fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake warushwa upande wa juu, ni kazi ya miaka mingi, akanambia mwanangu, mtaro hauna kosa, kosa ni kipimo. Akachukua fito mbili zilizolingana akazifunga juu, akapitisha ufito mwingine katikati ikawa kama herufi A, kileleni akaning'iniza kamba yenye jiwe. Wasimamisha, watia alama kamba inapogusa ule ufito wa katikati, kisha wageuza miguu, huu uende pale ule uje hapa, watia alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili ndio sawa yako. Basi nikatembea nayo shamba zima, kamba ikitulia katikati nachomeka vijiti miguu ilipo, na ile mistari ilijipinda vibaya, singeijua kwa macho hata siku moja.

Mtaro ni futi 2 kwenda chini na 2 upana, udongo warushwa upande wa juu, na uache kama futi 1 kati ya tuta na mtaro la sivyo warudi ndani wote. Na kwa mchanga wetu huu tuta halikai bila nyasi, hapo nasisitiza, mimi nilipanda nyasi za tembo mvua ya kwanza tu na mbuzi nao wanakula.

Korongo nililiziba kwa vigingi na mawe nikianzia juu kushuka, na miembe nikaizungushia makumbi ya nazi nikayafukia, yanashika maji kweli. Sasa nimebaki na kona moja inayopokea maji ya barabarani, vijiti nishachomeka, nangoja vuli ipite nichimbe.