Mbao umeinywesha?

Usingizi umekataa, kwa hiyo naandika. Ni saa nane usiku, kitako cha bunduki kiko juu ya gazeti mezani, na maneno ya Baba hayajanitoka masikioni tangu Jumapili.

Kazi yenyewe ni hii: nina HW95 niliyoinunua kwa mwenzangu wa klabu, bunduki ya upepo ya Kijerumani, chuma chake hakina la kulalamikia, ila kitako kimetengenezewa mtu mwenye mikono mirefu kuliko yangu. Nikiiweka begani, kidole kinakitafuta kifyatulio, shingo inajivuta, jicho halitulii kwenye darubini. Basi nikafungua skrubu, mtambo wote wa chuma nikaufunga kwenye shuka kuukuu, kikabaki kipande cha mbao. Pale pa kukata nikazungusha utepe wa karatasi ili mbao isimeguke, nikaondoa sentimita mbili na nusu kwa msumeno wa meno madogo, kisha nikauchonga ule mpira wa nyuma uendane na umbo jipya. Nikakwangua vanishi ya kiwandani, nikapiga msasa, nikapaka mafuta ya kitani mara tatu. Kiling'aa kweli.

Jumapili nikampigia Baba kwa video. Aliposikia bunduki akaulizia leseni kwanza. Nikamweleza kwamba hapa England, mradi nguvu yake haizidi futi-pauni 12, haihitaji leseni. Ni Shemeji kule Glasgow, Scotland, ndiye angehitaji cheti, tangu sheria yao ilipoanza kutumika mwisho wa 2016. Akaridhika. Nikageuza kamera.

"Sioni vizuri," akasema, maana jicho lake moja bado halijapona. "Pitisha kiganja hapo, karibu na simu."

Nikapitisha.

"Tena."

Nikapitisha tena.

"Mbao umeinywesha?"

"Nimeipaka mafuta, Baba. Mara tatu."

"Sijakuuliza mafuta."

Akanyamaza. Kisha akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma: "Umeikimbiza, mwanangu." Akampa Mama simu.

Sijakuuliza mafuta. Nimeyasikia nikishusha maboksi, nimeyasikia kwenye basi, nimeyasikia wiki hii hii ambayo binti yetu Zuhura amepata barua ya chuo na mimi nimehamishiwa zamu ya mchana. Angenifokea ningeshasahau. Lakini kunywesha mbao ndiyo iliyokuwa kazi yangu! Pale karakana ya Baba ya useremala, Ngamiani, Tanga, kabla sijaruhusiwa kugusa hata randa, mimi ndiye niliyeshika kopo la maji na kitambaa. Baba akimaliza msasa ananiita, napitisha kitambaa kibichi juu ya mlango mzima, tunauacha ukauke, nyuzi zinasimama, anapiga msasa tena. "Mbao usipoinywesha imelala tu," alikuwa akisema. "Siku ikionja unyevu itaamka." Na mimi, huku kwenye mvua, nikaikabidhi mafuta ikiwa bado imelala.

Jana baada ya chakula nikaanza upya. Msasa namba 120 mpaka mafuta yote yakatoka, halafu 180, halafu 240. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, nikakamua, nikapitisha mara moja kutoka mwisho hadi mwisho. Mbao ikawa nyeusi kidogo, kisha ikaanza kukauka kutokea kingoni. Nikaisogeza chini ya taa ya jikoni.

Manyoya! Mbao nzima imeota manyoya mafupi meupe, kama shavu la mtoto mchanga ukilitazama juani, na pale ninapolaza shavu langu yalikuwa mengi zaidi. Nilicheka peke yangu hadi Mama Zuhura akaja kuuliza kuna nini. Nikamshika mkono nikampitishia. Akasema, "Mbona kama ulimi wa paka?" Ndiyo! Ndicho alichokisikia Baba kwenye simu, kutoka Tanga, na jicho moja.

Nikapiga msasa wa 320 kwa mkono mwepesi, nikanywesha tena, yakaota machache. Mara ya tatu hayakuota. Usiku huu nimepaka mafuta kidogo sana, kwa kiganja, nasugua mpaka mkono unapata joto. Matambara nimeyatandaza kwenye waya nje, moja moja, maana mafuta ya kitani ukiyafungia kwenye tambara lililokunjwa hujipasha moto yenyewe mpaka likawaka.

Kabla ya kuketi kuandika nilikisogeza kitako sikioni nikapitisha kiganja. Hakikusema kitu. Nitampigia Baba Ijumaa, mafuta yakikauka, na safari hii sitageuza kamera.

Ila boila imeanza tena ule mlio wa Januari, unagonga mara tatu halafu unanyamaza, na fundi wa mwaka jana hapokei simu. Zuhura anaoga saa kumi na mbili.